Wewe Kwanza, Mjomba

9 Februari, mwaka wa ishirini na tatu tangu nilipoondoka

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na cherehani yako, maana najua mmoja wenu akiugua mwingine hafanyi kazi. Mimi sijambo. Nywele zimehama bila kuaga, lakini meno bado yananiheshimu. Habari ya yule mteja aliyeleta kitambaa cha sketi akidai suti nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu kwenye lifti hadi watu wakanipisha.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu kabla ya zamu yangu ya kuandika. Mwisho wa Septemba nastaafu. Maabara yetu ya ngozi inahamia jengo jipya, na kila tangi la baridi linapekuliwa: kinachofanyiwa utafiti kinahama, kisichofanyiwa kinatupwa. Ndani ya tangi la tatu, chini kabisa, kuna vichupa viwili vilivyoandikwa Yai. Vya wagonjwa wengine vina namba. Vyake niliandika jina mwenyewe siku nilipovigandisha, na hakuna aliyenisahihisha.

Unajua desturi yangu. Kila mwaka, mwezi aliozaliwa, naamsha kichupa kimoja. Nakitia kwenye kabati la joto, nazilisha zile seli za ngozi yake, nazitazama kwenye hadubini zikinyooka na kushikana, halafu nakuandikia kwamba mwanao anaendelea vizuri. Vichupa vilikuwa vingi, tukaona havitaisha. Vimebaki viwili. Mkuu wa maabara kaniuliza afanye nini navyo, nami nimemwambia anisubiri, kwa kuwa mwenye mtoto ni wewe. Yai mwenyewe yuko ardhini karibu tangu nilipoondoka. Hiki ndicho kilichobaki juu ya ardhi.

Niandikie unavyotaka. Simu uiache. Kwenye simu sisi wawili tunaulizana hali ya hewa tu, kisha tunakata.

Kaka yako


2 Machi

Kaka yangu, shikamoo.

Huku tu wazima. Cherehani imevalishwa mkanda mpya na sasa inakimbia kuliko mguu wangu. Dari la chumba chako limevuja tena; nimetega beseni, na paka ameshalifanya kisima chake. Wapangaji wananiuliza kila mwezi kwa nini chumba kizima kinalala kitupu. Nawaambia kina mwenyewe.

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaichukua tena. Kaka, nguo ikikatwa na kitambaa kikabaki, namuuliza mteja: unachukua au nitupe? Wewe umeniuliza vivyo hivyo kuhusu mwanangu. Sikukasirika. Nimekuambia tu ujue ilivyosikika.

Ule mchana naukumbuka kuliko unavyodhani. Benchi la kliniki ya ngozi lilikuwa limechanika, na nilimwekea mto wangu ili asikwaruzwe. Binti wa miaka minane, bendeji kuanzia viwiko mpaka vidole, lakini mdomo hakuna aliyeweza kuufunga bendeji. Baba yetu alimwita Yai kwa sababu ya kuwaambia wageni wambebe kama yai, naye akawa anawajibu, mimi la kuchemsha. Daktari alipoeleza kwamba atamkata kipande kidogo kama punje ya dengu pajani, aligeuka akakutazama wewe, akasema: “Wewe kwanza, mjomba.”

Daktari akacheka, akasema hata mzima anahitajika, wa kulinganisha. Ukakunja mkono wa shati. Ulipofumba macho kwa sindano ya ganzi alicheka mpaka lengelenge la mdomoni likampasuka, na bado akaendelea kucheka. Ukaondoka na vichupa viwili kwenye mfuko wa koti, chake na chako, ukamwahidi utarudi na dawa.

Umeniuliza ninavyotaka. Mlete. Usimpe mtu, usimtie kwenye posta. Umlete wewe kwa mkono wako, tumweke pamoja na mwili wake. Hakuna mtu anayepaswa kulala nchi mbili.

Mdogo wako


28 Machi, mwaka ule ule wa ishirini na tatu

Mdogo wangu,

Marahaba. Paka mwambie ajue mwenye kisima anakuja.

Ndiyo, nitamleta. Nimeliandika hili mwanzo ili usiruke mistari ukitafuta jibu. Huku hatujambo, isipokuwa ngazi za maabara. Naamini kuna fundi anayeziongeza tukisharudi majumbani, kwa sababu zamani nilifika ghorofa ya nne nikiwa napiga mluzi, na sasa hivi nasimama ya pili kuwasalimu watu nisiowajua.

Mambo ni mawili. La kwanza, ruhusa. Ngozi ya mgonjwa ikishaingia kwenye utafiti huwa si ya mtu tena, ni ya utafiti, na kuitoa ni lazima kamati ikae. Nimeandika maombi. Mkuu hajakataa, amekuna kidevu.

La pili ni zito kidogo. Unakumbuka nilivyokueleza ugonjwa wake kifundi: ngozi ni koti lenye bitana, na kati ya kitambaa cha nje na bitana kuna nyuzi ndogo mno zinazovishikiza. Yai alizaliwa bila nyuzi hizo, ndiyo maana ngozi ya juu iliteleza na kuchubuka kwa kuguswa tu. Sasa hapa tuna daktari kijana, mwanamke, mpole, asiyemaliza chai yake hata siku moja. Anatafiti dawa ya kupaka itakayoufanya mwili ushone nyuzi hizo wenyewe. Kwenye kliniki ile ile ya huko nyumbani kuna mtoto mchanga mwenye kasoro ile ile ya Yai. Damu zao zimesomwa, na kasoro hazitofautiani hata kidogo. Daktari anataka kuijaribu dawa kwenye seli kabla ya kumpaka mtoto, lakini mtoto mwenyewe hana mahali pazima pa kukata. Ameniomba kichupa kimoja cha Yai.

Nimemwambia vilevile nilivyomwambia mkuu: mwenye mtoto ni mama yake.

Kaka yako


20 Aprili

Shikamoo kaka.

Mtoto huyo namjua. Kumbe huko mnamjua kwa damu; mimi namjua kwa vipimo. Kila Alhamisi nakwenda kliniki na mfuko wa nguo za wale wanaozaliwa na ngozi hiyo. Nazishona kama za Yai: mshono wote nje, vifungo hakuna, kola hakuna. Mama yake, msichana mdogo tu, aliponiona mara ya kwanza aliniambia kwa adabu, mama, hii nguo umeigeuza. Nikamwambia subiri uone atakavyolala. Wiki iliyofuata alinikuta getini.

Daktari wako apewe kimoja. Yai angemuuliza kwanza kama na yeye amekatwa, halafu angempa. Cha pili ni changu, na hicho asikiguse mtu.

Nimemwita Milimita, yule mwashi anayepima hadi kivuli chake. Ameshalitazama kaburi. Anasema atavunja kona ya saruji upande wa kichwani, ataacha nafasi ya mkebe mdogo, ataziba vizuri mpaka mtu asijue. Kaniuliza mkebe una urefu gani. Nikamwambia sijui, labda kidole. Akasema, “Kidole cha nani?” Nimekasirika nikacheka.

Halafu, kaka, ngazi hazizai. Umekwenda hospitali?

Mdogo wako


16 Mei, mwaka wa ishirini na tatu

Mdogo wangu mpenzi,

Hospitali naingia kila siku asubuhi, ndiko kazini kwangu. Usiwe na wasiwasi.

Leo nina habari njema, na nimezileta mbiombio hata salamu zimebaki nyuma, nisalimie wote. Ameamka. Nilikishika kichupa mwenyewe, nikakizungusha kwenye maji ya uvuguvugu mpaka barafu ikabaki kama punje ya mchele, nikamimina seli kwenye sahani tatu. Nilikuwa na hofu, maana baada ya baridi ndefu namna hiyo nyingine haziamki. Kesho yake nilipotazama kwenye hadubini zilikuwa zimejishika chini, zimenyooka, zimejipanga kama samaki wanaokwenda upande mmoja. Daktari kijana alitazama baada yangu, akasema hajawahi kuona seli za ugonjwa huu zenye nguvu kiasi hiki. Nilijivuna kama baba wa mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani.

Sahani ya kwanza itatiwa dawa nyingi, ya pili kidogo, ya tatu haitatiwa kitu, iwe ya kulinganisha. Kisha zote zitamwagiwa rangi inayong'aa kijani penye zile nyuzi. Pasipo na nyuzi panabaki giza. Kama dawa inafanya kazi, kwa mara ya kwanza nitaona nyuzi kwenye ngozi ya Yai. Nilimwahidi dawa. Nimechelewa, lakini nione.

Tiketi nimekata. Nitafika tarehe kumi na mbili Agosti. Kamati bado inakuna kidevu kwa zamu.

Kaka yako


11 Juni

Kaka yangu, shikamoo, na shikamoo tena kwa furaha.

Sahani ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nimewahesabia kina mama wote wa kliniki. Yule msichana mama wa mtoto alinishika mkono, akauliza, kwa hiyo mwanao bado anasaidia watu? Nikamwambia ndiyo, hakupata kukaa kimya alipokuwa hai, atanyamazaje sasa.

Dari limezibwa. Chumba kina harufu ya rangi, kwa hiyo nimeacha dirisha wazi, na paka kahama kwa hasira. Nimebadilisha godoro. Milimita ameshavunja kona ya saruji na kuifunika kwa bati, na kila anayepita humweleza alivyopima.

Mfuko nimeushona. Kitambaa ni kile cha shuka lake la mwisho, lile laini. Ni mdogo, unaingia kiganjani. Mshono nimeuweka nje. Nilikuwa nimeanza kuuweka ndani kama mfuko wa kawaida, mkono wenyewe ukakataa.

Niambie zile rangi zimetokaje. Usisubiri uje uniambie kwa mdomo, nitakufa kwa hamu kabla.

Mdogo wako


15 Agosti

Kaka,

Tarehe kumi na mbili nilikwenda kukupokea. Nilivaa ile nguo ya bluu ili unione kutoka mbali. Abiria walitoka, wakakumbatiwa, wakaondoka. Nilisimama mpaka mfagiaji akaniambia, mama, hao ndio wa mwisho.

Simu yako inaita tu. Tangu Mei hujaniandikia neno. Kama kamati imekataa, sema. Kama umekasirika, sema. Kama ni ugonjwa, kaka, sema.

Bati bado liko pale kaburini.

Mdogo wako


22 Agosti, mwaka wa ishirini na tatu

Mdogo wangu,

Nisalimie waliopo. Salamu nyingine sina.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Nitaiandika kama ninavyoandika taarifa ya maabara, moja baada ya jingine, kwa sababu nikijaribu namna nyingine mkono unasimama.

Rangi ilipomwagwa, sahani yenye dawa nyingi iling'aa kijani kote. Daktari kijana aliniita, nikaangalia, nikatokwa machozi mbele ya vijana. Sahani yenye dawa kidogo nayo iling'aa. Kisha akaweka ile ya tatu, isiyotiwa kitu, na hiyo pia iling'aa kama zile mbili. Alidhani sahani zimebadilishana nafasi, akarudia kazi yote toka mwanzo. Zikang'aa tena.

Akapeleka seli kupimwa chumba cha vinasaba. Jibu lilipofika alikuja nalo mezani kwangu badala ya kuniita, akavuta kiti, akasema: “Mzee, kaa kwanza. Seli hizi ni za mwanamume.”

Nilijua hapo hapo. Nilimpa mate yangu apime kwa ajili ya kukamilisha tu. Ni mimi, mdogo wangu. Ni ngozi ya mkono wangu, ile iliyokatwa kwa sababu mtoto alisema wewe kwanza.

Ilivyotokea ni hivi. Wiki zile za mwanzo, kabla ya kugandisha chochote, seli zake na zangu zilikaa kwenye kabati moja, nikizilisha kutoka chupa moja ya chakula. Siku fulani mrija uliogusa zangu uligusa zake. Tone linatosha. Zake zilikuwa dhaifu, zikigawanyika kwa shida. Zangu za mtu mzima mwenye afya. Zangu zilikula, zikajaa, zikachukua nafasi yote. Nilipoona sahani yake imejaa nilifurahi, nikagandisha vichupa vyote, nikaandika jina lake. Hakuna aliyewahi kuzipima, kwa sababu ugonjwa wake ulisomwa kwenye damu. Kichupa cha mwisho nacho tumechota chembe ya barafu tukapima. Ni mimi.

Zake halisi hazikuishi hata mwaka ule. Zilikufa kabla yake.

Mtoto wa kliniki hatapakwa dawa kwa sasa. Daktari hana cha kujaribia.

Unaniuliza kwa nini sikupanda ndege. Ningepanda na nini?

Kaka yako


8 Septemba

Kaka,

Nimekuelewa. Uliandika vizuri, hata asiyesoma angekuelewa.

Miaka yote hii nilikuwa naombea afya ya mkono wako.

Nilipokuwa na huzuni nilikuwa najiambia, tulia, kuna mahali anakula. Kina mama wa kliniki nimewaambia hivyo. Yule msichana nimemwambia. Alhamisi sikwenda. Nilimtuma mtu apeleke nguo.

Milimita kaja kuuliza mkebe. Nimemwambia azibe. Akasema saruji inahitaji kununuliwa mpya, ile imeganda. Basi bati limebaki.

Usiniandikie kwa sasa.


1 Oktoba

Kaka yangu, shikamoo.

Wewe umetii, hujaniandikia, kwa hiyo naanza mimi. Huku tu wazima. Mvua imepita na dari halikuvuja, nikakumbuka kwamba hata hilo nililiziba kwa ajili yako. Paka amerudi, amelala kwenye godoro jipya, na sina moyo wa kumfukuza.

Alhamisi hii nimekwenda kliniki. Nilidhani yule msichana atanitazama kama mwongo. Alinipa mtoto nimpakate juu ya mto, akasema, mama, leo mgongo wake umekauka, tazama. Kweli, kuna sehemu kama kiganja, nzima. Tulikaa tunautazama ule mgongo kama watu wanaotazama mtoto akitembea hatua za kwanza.

Kuna kitu sijawahi kukuandikia. Ulipouliza kipindi kile alikufaje, nilikujibu kwa utulivu, ukaacha kuuliza. Nikuambie sasa.

Unajua sikuwahi kumkumbatia. Tangu siku aliyozaliwa nilipomwinua na ngozi ikabaki kwenye viganja vyangu, sikuthubutu tena. Nilimbeba juu ya mto, nilimshika kwa shuka, nilimbusu hewani karibu na kichwa naye akabusu hewani karibu na changu, akasema limefika. Mama gani huyo, miaka kumi, busu za hewani. Asubuhi aliyokata roho, wauguzi walitoka wakaniachia chumba. Nilifungua bendeji zote. Nikamkumbatia, kaka. Nilimkumbatia kwa nguvu zangu zote, nikamkaza kifuani, na ngozi ilipochanika nikajua haimuumi. Nilikaa naye hivyo mpaka wakagonga. Nilikuwa na furaha. Ndilo nililoshindwa kukuandikia miaka yote hii: kwamba siku ile, saa ile, nilikuwa na furaha.

Kwa hiyo mimi mwanangu nilishamzika, kwa mikono hii. Sikuwa na haja ya kichupa ili nimzike.

Nilikuwa nakuita wewe. Kila nilipokuambia njoo, ulikuwa na kazi, ulikuwa na mkataba, ulikuwa na mwakani. Lakini jina la Yai hujawahi kulikatalia kitu. Ulipoandika habari za vichupa nikaona, haya, mwenyewe ameniletea kamba. Nikatanguliza jina lake ili ulifuate mpaka nyumbani.

Kwa hiyo usije na kitu. Njoo mikono mitupu. Kazi imeisha, mkataba umeisha, chumba kipo. Sitakuuliza habari za mrija wala sahani. Tutakaa tu, wewe uvute kiti karibu na cherehani uniambie nimekosea, kama zamani.

Mdogo wako


27 Oktoba, mwaka wa ishirini na tatu

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kitini karibu na dirisha, na nitaijibu hapo hapo nilipo, kwa sababu siku hizi nachagua kiti kimoja asubuhi na ndicho hicho mpaka jioni.

Furaha ile usiionee haya. Nimefanya kazi na ngozi maisha yangu yote na sijasikia jambo lililo sawa kuliko hilo.

Uliniuliza kuhusu ngazi, ukaniuliza kuhusu hospitali, nami nikakujibu kwa mzaha. Ni moyo. Umechoka, umetanuka, na maji yanapanda kifuani. Tiketi niliikata kweli, na sanduku nilifunga. Mwezi wa Julai daktari wangu, wa moyo, aliniambia ndege hapana: sitafika nikiwa hai. Halafu jibu la chumba cha vinasaba likaja, nikaona afadhali udhani ni aibu iliyonizuia. Aibu inaweza kuisha, na mtu akaja. Nilitaka ubaki na hilo. Lakini wewe umeniandikia la kwako lote, na mimi siwezi kukulipa nusu.

Kamati imekutana. Ngozi ya mgonjwa wangeikatalia, wameniambia wazi. Lakini kwa kuwa ngozi yenyewe imeonekana ni yangu, na mwenyewe nipo na ninadai, hapakuwa na cha kujadili. Nilisaini mara moja. Daktari kijana alizitoa seli za kichupa cha mwisho, akazikausha juu ya kipande cha kioo, akakifunika kwa kingine. Ni kidogo kuliko kidole, mwambie Milimita, kidole changu cha mwisho. Daktari atakileta mwenyewe. Anasafiri wiki ijayo kuja hapo kliniki, kwa sababu nilimsomea habari ya ule mgongo uliokauka, akaacha chai. Anataka kipande kama punje ya dengu, kutoka kwenye ile sehemu nzima, aanze kazi upya na seli zinazostahili jina lililoandikwa juu yake. Kila kichupa kitakuwa na chakula chake na mrija wake. Hilo ameniapia bila mimi kumwomba. Akimkata mtoto, kaa karibu na yule msichana. Na kama kuna mtu mzima atakayehitajika wa kulinganisha, nenda wewe kwanza.

Kioo ukitie kwenye ule mfuko. Ngozi yangu haiogopi mshono, lakini usiugeuze, uache ulivyo. Kiweke kwenye ile kona, upande wa kichwa chake. Najua ulimshonea yeye. Nafikiri hatanikatalia; nilikula chakula chake miaka mingi na hakusema kitu.

Chumba wape wapangaji. Mwenye kuhitaji godoro jipya ni mtu mwenye mgongo. Paka mbakishe.

Kuna jambo moja ambalo sisi wa maabara tunalijua, na watu hatuwaambii kwa sababu linasikika kama uchawi. Seli ikigandishwa haizeeki. Zile zilizo kwenye kioo ni za wiki zilezile za mwanzo. Hazijui lolote lililofuata. Hazijui kwamba alikufa, hazijui kwamba sikuja kumzika. Ni za yule mtu aliyekunja mkono wa shati kwenye benchi lililochanika, akafumba macho, akasikia mtoto anacheka. Huyo alisema atarudi, na wiki ijayo daktari atamkabidhi mkononi mwako. Mpokee.

Mimi sitarudi.